Fedha za mama ziko bandani: ng'ombe nimkatie bima ya kiasi gani?

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibamba, ndani kidogo ukitoka barabara ya Morogoro. Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa, wa kufungiwa bandani. Naomba unisaidie mawazo, maana jambo hili limeanza kuleta maneno ndani ya nyumba na mimi mwenyewe sioni njia.

Wa kwanza anaitwa Tausi, chotara wa Friesian, yuko uzao wa tatu. Kwa sasa ananipa lita 14 kwa siku, nauza shilingi 1,800 lita moja kwa majirani na kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Wa pili ni Zawadi, mtamba mwenye mimba ya miezi saba. Wa tatu ni Subira, ndiye niliyeanza naye ufugaji, sasa amezeeka, anatoa lita tano kwa shida.

Subira ni wangu. Tausi na Zawadi ni fedha za mama yangu. Mama yuko Korogwe. Baba alipofariki, mama aliuza kipande cha shamba akanikabidhi fedha mkononi, akasema hataki zikae benki, anataka ziwe kwenye kitu kinachozaa. Tausi nilimnunua milioni 3.2, Zawadi milioni 2.8. Kila mwezi namtumia mama shilingi 150,000, na ndizo anazoishi nazo. Anapiga simu kila jioni. Kabla hajauliza wajukuu anauliza, "Tausi kala?"

Mwezi uliopita jirani yangu alifiwa na ng'ombe. Alikuwa na bima, ameilipia miaka miwili. Usiku ule hakuwepo, na kijana wa banda alipomwona mnyama anahema kwa nguvu na povu linamtoka puani, akaogopa atakuwa kibudu, akamwita mchinjaji. Alfajiri nyama ilishagawanywa. Kichwa kilichukuliwa na muuza supu, na hereni ya bima ikaenda nayo, bado imo sikioni. Kampuni ikamwuliza: ripoti ya daktari iko wapi, hereni iko wapi, nani aliruhusu achinjwe? Hakulipwa hata senti.

Wiki hiyo hiyo akaja kwangu wakala wa bima, kampuni nyingine. Ada ni asilimia 5 ya thamani ya ng'ombe kwa mwaka, na hasara ikitokea mimi nabeba asilimia 10. Aliniambia Tausi nimwandikishe kwa milioni 5, "ili likitokea la kutokea upate kubwa," na Zawadi kwa milioni 3. Hiyo ni ada ya laki nne. Subira huenda wasimkubali kwa sababu ya umri. Nilipomwuliza kuhusu matibabu, akasema hayamo, bima ni ya kifo. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu Tausi alipougua kiwele mwaka huu nilitumia 140,000 kwa daktari na dawa, na maziwa nikawa namwaga. Kama bima hailipi hayo, inanisaidia nini?

Mume wangu ni fundi umeme. Hataki kusikia. Anasema pikipiki anaikatia bima kwa sababu ya trafiki tu, na kwamba jirani ametuonyesha mwisho wa bima ni nini. Anataka hiyo laki nne tuiweke kikoba, ng'ombe akiumwa tutoe. Nilipombana sana akasema basi, mwandikishe Tausi peke yake, kwa milioni 2, ada iwe ndogo. Tausi huyo juzi mtu wa Mbezi alitaka kumnunua kwa milioni 3.8.

Upande wa pili kuna dada yangu wa Arusha. Yeye ananiambia fedha ya mama siyo ya kuchezea, nikate bima kubwa kuliko zote, na Tausi akifa bila bima nitajuana na mama mwenyewe. Januari ada za shule zinanisubiri, na mashudu yamepanda bei.

Nimefikiria nilipe kimyakimya kwa fedha ya maziwa, mume wangu asijue. Anti, bima ya kiasi gani inatosha? Na nikifanya hivyo kwa siri, ni kosa?

Mama mfugaji, Kibamba

---

Marahaba mwanangu. Na mama wa Korogwe umfikishie salamu zangu, maana barua yako yote imemzunguka yeye.

Umeniuliza kiasi, nami naona ndani ya swali hilo yamo mambo mawili. Kuna hesabu ya bima, ambayo ina majibu yanayoeleweka. Halafu kuna hofu ya ile simu ya jioni, siku ambayo Tausi hayupo tena na mama anauliza kama kala. Hofu hiyo ni halali kabisa. Ila ningependa uitenge kidogo na hesabu, kwa sababu ukikata bima kwa kuiogopa simu utaona kila kiasi ni kidogo. Wakala ameshaliona hilo. Mtu mwenye hofu ni rahisi kumwandikia milioni 5.

Tuanze na kilichokuchanganya. Wenzetu wa Uingereza wenye farasi hununua bima yenye sehemu mbili: moja ya kifo cha mnyama, nyingine ya gharama za daktari, na kila sehemu ina ukomo wake wa fedha. Hivyo mwenye farasi akiuliza "inatosha?" mara nyingi anaulizia kama ukomo wa matibabu utafika bei ya upasuaji wa tumbo. Uliyoletewa wewe ina sehemu moja tu, ya kifo, na bima nyingi za ng'ombe hapa kwetu ziko hivyo. Kwa hiyo hata ukiandikisha milioni 10, kiwele cha Tausi kitabaki mfukoni mwako. Wakala alikuwa mkweli hapo, na ukweli huo usikukatishe tamaa. Umekuonyesha kwamba unahitaji kinga mbili, na bima ni moja tu kati ya hizo.

Sasa mwangalie kila ng'ombe na balaa lake. Tausi ni mkamuliwa mzuri wa uzao wa tatu. Ng'ombe wa namna hii akizaa tena ndiye anayekabiliwa na homa ya maziwa: kalshiamu inashuka mwilini ghafla, analala chini, shingo ameikunja ubavuni, masikio ya baridi, hanyanyuki. Daktari akiwahi na kumchoma dripu ya kalshiamu kwenye mshipa, mara nyingi anasimama. Akichelewa, unampoteza. Kinachoamua uhai wake usiku ule ni kama una fedha ya kumtoa daktari nyumbani kwake saa nane, na bima haitakupa fedha hiyo. Zawadi yeye ni mtamba, homa ya maziwa huwapata kwa nadra. Hatari yake ni kuzaa kwa shida, hasa kama alihimilishwa kwa mbegu ya dume mkubwa. Miezi miwili imebaki, umeshaongea na daktari atakayekuja siku hiyo?

Hapo ndipo naona mumeo ana hoja, na ningependa umsikilize bila kumwekea dada wa Arusha katikati. Fedha ya matibabu inafaa iwe karibu, itoke siku hiyo hiyo. Kikoba kinaweza kufanya kazi hiyo, ingawa mjiulize: je, kikoba chenu kinatoa mkopo wa dharura usiku wa manane, au mpaka wiki ya kikao? Na mwisho wa mwaka mkishagawana, mfuko si unaanza upya? Wengine huweka fedha ya daktari kwenye simu, laini ya peke yake isiyoguswa. Kwako, hata mia tatu ya kila lita ya Subira ni 1,500 kwa siku, elfu arobaini na tano kwa mwezi.

Lakini kikoba hicho hicho hakiwezi kubeba kifo cha Tausi. Mkiweka laki nne kwa mwaka, mwisho wa mwaka mna laki nne na faida kidogo. Tausi akifa mwezi wa tatu, mna laki moja. Kumrudisha ng'ombe wa milioni 3.8 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka tisa. Jambo hili mumeo angeliona haraka likiwekwa kwenye karatasi kwa tarakimu. Fundi umeme anajua tofauti ya kubadilisha balbu na kuunguliwa na nyumba.

Turudi kwenye kiasi. Milioni 5 aliyosema wakala inasikika tamu, lakini bima ya mali hulipa hasara uliyoipata kweli. Tausi akifa, kampuni itauliza bei yake sokoni siku ile. Kama ni milioni 3.8, hiyo ndiyo itakayoanzia, itoe asilimia 10 yako, ubaki na milioni 3.42. Ile milioni 1.2 ya juu umeilipia ada ya shilingi 60,000 kila mwaka na hutaiona. Muulize wakala swali moja, akujibu kwa maandishi: mkataba huu unalipa thamani tuliyokubaliana leo, au thamani ya soko siku ya kifo? Kama ni thamani ya soko, hana sababu ya kukupandisha, isipokuwa kwamba kamisheni yake nayo hupanda na ada.

Milioni 2 ya mumeo nayo ina mtego wake. Ada itakuwa laki moja badala ya 190,000, mmeokoa 90,000. Tausi akifa mnapata milioni 1.8, na mtatafuta milioni 2 nyingine kumnunua wa kufanana naye. Je, mnazo? Kama mngekuwa na ndugu wa kuwakopesha au akiba ya kutosha, kubeba nusu ya hasara wenyewe ni uamuzi wa watu wazima, si ujinga. Kama hamnazo, bima ya nusu inawaacha na fedha isiyonunua ng'ombe, na fedha ya namna hiyo nyumbani huyeyuka kwenye ada za shule. Pia soma kama mkataba una kifungu cha uwiano. Mkiandikisha kundi zima kwa nusu ya thamani yake halafu akafa mmoja, kampuni inaweza kulipa nusu tu ya huyo mmoja.

Thamani haikai palepale. Zawadi leo ni mtamba. Akizaa salama na kutoa maziwa mazuri, bei yake itapanda kabla mwaka wa bima haujaisha. Tausi baada ya uzao wa tano ataanza kushuka. Kwa hiyo kiasi utakachoandika mwaka huu si cha kudumu, utakirekebisha kila unapohuisha bima, na ukiona mabadiliko makubwa katikati, waambie.

Kuhusu Subira nitasema kwa upole, najua ndiye aliyekuanzisha. Kama kampuni haimtaki, maana yake hasara yake yote ni yako. Zawadi akizaa, bandani mtakuwa na wanne, na kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 ziliweka ukomo wa ng'ombe wanne kwa wanaofungia ndani. Kumuuza Subira angali na mwili kungekupa mfuko wa matibabu wa kuanzia. Kumbakisha kunakupa lita tano na moyo uliotulia. Yote mawili yana uzito, wewe ndiye unayemkamua.

Jambo ninalotaka tulikalie ni la jirani yako, kwa sababu ndilo lililompa mumeo imani kwamba bima ni uongo. Sijasikia upande wa kampuni, siwezi kusema walitenda haki au la. Ila katika simulizi yako naona kitu kilichokosekana usiku ule: mtu pale bandani aliyejua la kufanya. Kijana aliona mnyama anakufa akafanya alichofundishwa tangu utotoni, kuokoa nyama. Kwa mkataba wa bima, hereni ile ya sikioni ndiyo jina la mnyama. Bila hereni, kampuni haiwezi kujua kama aliyekufa ndiye aliyeandikishwa au ni wa jirani. Ndiyo maana wanataka sikio lenye hereni, picha za mnyama aliyelala pale alipoangukia, na ripoti ya daktari wa mifugo aliyemkagua kabla hajaguswa.

Angalia pia neno daktari. Afisa mifugo wa kata anakusaidia sana, lakini kampuni inaweza kutaka sahihi ya daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Uliza mapema, usisubiri siku ya msiba. Kama chanzo cha kifo hakieleweki, sampuli hupelekwa maabara, na bahati yako Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambayo ni taasisi ya serikali, iko Temeke, hapa hapa mjini. Na mnyama aliyekufa ghafla akitoka damu isiyoganda puani au nyuma, asipasuliwe na asiguswe kabisa. Hicho kinaweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu. Waambie hivyo watoto na kijana wako wa banda.

Ile dalili uliyoieleza, kuhema kwa nguvu na povu puani, mara nyingi ni hatua ya mwisho ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Sikumwona mnyama, lakini kwa mfugaji wa Pwani huyu ndiye adui wa kumwogopa. Kupe wanaouleta hupenda kujificha ndani ya sikio, na tezi iliyo chini ya sikio huvimba mapema, wakati mnyama bado anakula. Asubuhi unapokamua, pitisha mkono pale, huku na huku. Ukikuta uvimbe na mwili una joto, pima homa. Ng'ombe mzima yuko kwenye nyuzi 38.5 hivi, akifika 40 mwite daktari siku hiyo hiyo, maana dawa za ndigana hufanya kazi vizuri zikiwahi na zinashindwa zikichelewa. Chanjo yake ipo, ile ambayo mnyama huchomwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini. Zawadi ana mimba kubwa, muulize daktari wakati unaofaa kwake. Tunza daftari la chanjo na la kunyunyizia dawa ya kupe, kwa sababu kampuni ikitaka kukataa dai, pa kwanza kutazama ni kama ulimtunza mnyama. Na kumbuka bima nyingi zina kipindi cha kungoja kwa magonjwa, mara nyingi wiki mbili au mwezi. Ukikata leo, Tausi akiugua keshokutwa, hujalindwa bado.

Sasa la siri. Hujaniambia kwamba mumeo ni mkali au anakunyang'anya fedha ya maziwa. Kama ndivyo, niandikie tena, mazungumzo yatakuwa mengine. Kama ni mume tu anayebisha, nakuomba ufikirie usiku ambao wewe uko Korogwe kwa mama na Tausi ameanguka. Nani atapiga simu ya kampuni? Nani atamzuia kijana asimwite mchinjaji? Bima ambayo mume haijui inaweza kufa kama ya jirani, kwa sababu ile ile. Sikuiti mkosaji kwa kuwaza hivyo. Wanawake wengi wameokoa nyumba kwa fedha za chini ya kitenge. Nasema tu kwamba mali hii inahitaji watu wawili wanaojua hereni ni nini.

Labda ungemwendea kwa mlango mwingine. Badala ya kumwuliza "tukate au tusikate," mwulize: Tausi akifa Jumatatu, Jumanne tunafanya nini? Mama anapata wapi 150,000 ya mwisho wa mwezi? Mwache ajibu. Inawezekana akaja na jibu zuri ambalo wala mimi silijui, kwa mfano kwamba kazi zake za umeme zinaweza kubeba fedha ya mama kwa miezi sita. Hapo kiasi cha bima kinaweza kushuka bila kumwumiza mtu. Inawezekana pia akanyamaza, na ukimya huo ukawa ndiyo mwanzo wa kuelewana.

Na mama je, ameulizwa? Dada anamsemea, wewe unamwogopea, mumeo anamwacha nje, na ng'ombe ni wake. Alipokukabidhi fedha, alitaka mtaji wake ukae salama milele, au alitaka kipato cha kila mwezi akijua ng'ombe ni kiumbe na hufa? Mwanamke aliyelima Korogwe miaka yote hiyo ameona ng'ombe wakifa. Huenda yuko tayari kuliko unavyodhani. Mweleze kwamba bima ya Tausi na Zawadi kwa thamani zao za kweli ni kama 340,000 kwa mwaka, yaani kama maziwa ya Tausi ya wiki mbili kabla hujatoa mashudu na pumba. Anaweza kusema mnikate elfu kumi kila mwezi iende kwenye bima. Anaweza kusema mkatieni Tausi peke yake. Anaweza kusema msikate, nimemwachia Mungu. Likitoka kinywani mwake, hutakuwa na haja ya kulibeba peke yako, na dada wa Arusha naye atajua la kusema, au atajua kiasi cha kuchangia.

Kuna njia kadhaa mbele yako na zote nimeona watu wakizipita. Kuwakatia wote wawili thamani kamili kunawapa usingizi, lakini kama ada hiyo inaufuta mfuko wa daktari, mtakuwa mmelipia kifo na kukosa fedha ya kukizuia. Kumkatia Tausi kamili na kumwacha Zawadi mpaka azae ni nafuu, ila hizo wiki za kuzaa ndizo hatari kwake. Kumkatia Zawadi sasa na Tausi kwa kiasi pungufu kunawezekana pia, kama Tausi ameshawarudishia sehemu kubwa ya fedha yake kwa maziwa. Kutokata kabisa na kujenga akiba ni njia ya wenye subira na wenye nidhamu ya kutoigusa, na inahitaji bahati katika miaka ya kwanza. Mimi sikai Kibamba, sijui nguvu ya mfuko wenu wala hali ya banda lenu. Mnaijua ninyi.

Kabla ya kusaini chochote, omba nakala ya mkataba mzima, si kipeperushi. Msome wawili sehemu ya visivyolipwa: wizi umo? Umeme, radi, nyoka? Magonjwa ya mlipuko ambayo serikali inaamuru wanyama wauawe? Daktari akishauri achinjwe kwa dharura, nani anatoa ruhusa na kwa namba ipi usiku, na fedha ya nyama inakatwa kwenye malipo? Mnatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa ngapi? Hakikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwamba wakala na kampuni wana leseni. Ada ilipwe kwa kampuni, si kwa namba ya simu ya wakala, na upewe risiti, kwa sababu bila ada kupokelewa hakuna bima. Na mwambie jirani yako kwamba akiona ameonewa, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima inayosikiliza malalamiko ya watu kama yeye dhidi ya kampuni. Akaulize, awe na karatasi zake zote mkononi.

Mkikuta kifungu ambacho wewe na mumeo hamkielewi, kiandike kilivyo unitumie, tukisome pamoja. Zawadi akizaa, nijulishe amezaa nini.